Gauni la Bi Mkunga

Panya wa kwanza Fundi alimwona mchana kweupe, amekaa juu ya cherehani kama mteja aliyekuja kupimwa. Hakukimbia. Alijipangusa masharubu kwa mikono miwili, akamtazama Fundi kidogo, kisha akateremka kwa mguu wa meza taratibu, akaambaa na ukuta mpaka nyuma ya kabati, akapotea.

Fundi alibaki na mkasi mkononi. Panya alikuwa amewaona wengi maishani mwake, lakini wote walikuwa na haya. Huyu alikuwa na utulivu wa mwenye nyumba.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata wale waliolijua jina lake. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha. Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Alikesha usiku kucha mbele ya tanuri, akarudi asubuhi ananukia hamira, akalala mchana katika chumba cha ndani. Nyumba yao ilikuwa imeshikana na nyumba ya jirani, ukuta mmoja katikati, paa moja juu, kama pacha walioungana mgongo. Upande wa pili hakukuwa na mtu. Zamani alikaa mama mmoja mzee aliyekuwa mkunga, Bi Mkunga wa wote, lakini mpwa wake alisema amekwisha kumpeleka kwa binti yake huyo mzee, mji wa mbali. Sasa madirisha yalikuwa yamefungwa, na mpwa alionekana mara moja moja akiingilia uani, kuangalia nyumba.

Baada ya yule wa kwanza, mambo yakaharibika. Walitafuna mkono wa shati la mteja. Walitafuna sabuni. Fundi akanunua mtego, akautia kipande cha samaki, na kulipokucha akakuta samaki yupo, mtego upo, na vinyesi vimezunguka pembeni kama waliokuja kutazama tu wakaondoka. Akaazima paka. Paka akaingia kwa maringo, akanusa kabati, kisha akainua kichwa kutazama pale ukuta wa jirani ulipokutana na dari. Manyoya yakamsimama mgongoni. Alikaa hivyo kwa muda, hapepesi, halafu akatoka dirishani kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mwenye paka alimkuta chini ya kitanda chake, na hakutaka kutoka.

Lakini kilichomnyima Fundi raha si shati wala sabuni. Ni ule mwendo wao wa alasiri.

Panya wa kawaida hukurupuka ovyo darini, mmoja huku, mwingine kule. Hawa hawakuwa hivyo. Watu wakisha kula chakula cha mchana na mtaa ukatulia, angesikia vishindo vidogo vikianza juu ya kichwa chake, vingi, vyote vikielekea upande mmoja, upande wa ukuta wa jirani. Kama mvua inayohama. Kisha kimya. Kimya kirefu kiasi kwamba alijikuta ameacha kukanyaga cherehani ili asikilize. Baadaye walirudi mmoja mmoja, polepole, kama watu wanaotoka karamuni wameshiba.

Mumewe naye alikuwa amebadilika. Aliamka mchana macho mekundu, akakaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta.

"Panya wanakuamsha?" Fundi alimuuliza.

"Si panya."

"Nini basi?"

"Mawazo tu," alisema, akaenda kuoga.

Mwenye kuvunja ukimya huo alikuwa wifi yake Fundi, dada mkubwa wa mwokaji. Mama huyu alikuwa mtunza ghala la nafaka, na panya alipambana nao kama wengine wanavyopambana na magugu. Alikuwa mnene, mwenye kicheko kinachotangulia mlangoni kabla yake.

"Wifi! Nasikia umefungua shule ya panya," alisema akiingia, na kijifuko cha vifaa begani. "Ndugu yangu nilikupa akiwa mzima, sasa namkuta amekonda kama ufito. Wamekula mpaka mume?"

"Karibu, wifi. Ukimtaka, mchukue. Mimi niachie cherehani."

Walicheka, na ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko kwa siku nyingi. Kisha wifi akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kutazama. Alitazama mahali ambapo Fundi hakuwahi kutazama: chini kabisa ya ukuta, nyuma ya kabati, pembeni mwa fremu ya mlango.

"Njoo uone. Huu weusi unaong'aa hapa ukutani unadhani ni nini?"

"Uchafu."

"Mafuta ya miili yao. Panya haoni mbali, basi husugua ubavu ukutani ili ajue yupo wapi. Akipita mara mia, anaacha barabara. Na kitu kipya akikikuta barabarani hukiogopa. Mtego wako uliuweka na kuutega siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Umewatangazia vita kwa tarumbeta. Uweke bila kuutega, uwalishe juu yake mpaka wauzoee, ndipo utege." Alisimama, akafuata ule mstari mweusi kwa kidole. Ulipanda na pembe ya kabati, ukashika ukuta, ukaishia juu, pale boriti ya paa ilipopenya kwenda kwa jirani. Kuzunguka boriti palikuwa na tundu la kuingiza ngumi. Kingo zake zilikuwa zimelainika, zinang'aa.

Wifi hakucheka tena. "Chakula chako unaweka wapi?"

"Kwenye madebe. Vifuniko vinabana."

"Nimeona. Jikoni kwako ni safi, hata punje hakuna. Hawa kwako wanalala tu, wifi. Kula wanakula kwingine. Na panya si msafiri. Kutoka kiotani mpaka kwenye chakula ni hatua chache, na akikosa, anahama. Mle kwa jirani anakaa nani?"

"Hakuna mtu. Bi Mkunga amehamia kwa bintiye, tangu kabla ya mvua."

"Hakuna mtu," wifi alirudia polepole. "Na wanatoka mchana, umesema. Panya anayetoka mchana ni mwenye njaa kali, au ni mwenye kulishwa mchana. Mmoja nimemkuta mlangoni kwako nikiingia, hakuwa na njaa. Alikuwa na kitambi."

Alichukua ngazi, akapanda, akasukuma ubao mmoja wa dari kando ya boriti, akaingiza mkono uliovaa glavu nene. Fundi alishika ngazi. Alisikia vitu vikisukumwa, kisha vilio vyembamba, vyembamba mno, kama milango midogo inayofunguliwa.

"Nimepata kiota," wifi alisema. "Kina watoto." Akateremka amebeba rundo mikononi, akaliweka juu ya meza ya kukatia nguo.

Kiota cha panya ni takataka: karatasi, sufi, majani, vyote vimetafunwa vikawa kama pamba chafu. Fundi alikuwa ameshaona viota hata ndani ya marobota ya vitambaa. Hiki hakikuwa hivyo. Kilikuwa cha vipande virefu vya kitambaa, upana sawasawa, vimekunjwa kimoja juu ya kingine. Katikati walilala watoto wekundu, vipofu, wasio na manyoya. Watatu kati yao walikuwa wamezungushiwa kitambaa kiunoni, kizuri kabisa, na ncha imechomekwa.

Fundi alivuta kipande kimoja pembeni. Akakipitisha kati ya vidole vyake, kama alivyofanya kila siku kwa kila nguo. Mikono yake ikaelewa kabla ya kichwa.

"Wifi, panya anatafuna. Akitafuna, ukingo unakuwa na meno, unakuwa kama umeungua. Tazama hapa. Hiki kimechanwa. Kimefuata uzi, moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho. Hiki kimechanwa na mikono ya mtu."

Wifi aliinama kuutazama ukingo ule.

"Na kitambaa hiki nakijua." Sauti ya Fundi ilipungua. "Bluu, maua meupe madogo. Ni gauni la kulalia. Mpwa wake alikuja kuniagiza. Alisema ni la Bi Mkunga, la safari. Mshono huu wa pindo ni wangu."

Hapo ndipo vishindo vilipoanza. Saa yao ilikuwa imefika. Juu ya vichwa vyao mvua ile ikahama, ikaelekea ukutani, wanawake wawili wakaifuata kwa macho mpaka ikanyamaza. Katika kimya kile, kutoka kwenye tundu la boriti, ubao wa dari ukiwa umeondolewa, ikaja sauti. Ilikuwa ya chini, ya upole, haina haraka.

"Pumua, mwanangu. Pumua. Bado kidogo. Usisukume mpaka nikuambie."

Wifi alishika ukingo wa meza. Fundi aligeuka, akamwona mumewe amesimama mlangoni mwa chumba, shuka begani, uso umempauka.

"Unasikia?" mwokaji alimuuliza. "Na wewe unasikia?"

"Nasikia."

Akaketi chini pale pale alipokuwa, juu ya sakafu. "Nilidhani ni mimi. Kila mchana nikilala, nasikia maneno hayo. Yale yale aliyokuambia Bi Mkunga siku ile, mimi nikiwa nje ya mlango. Nikadhani ni mtoto wetu ananidai."

Walikuwa na mtoto, Fundi na mumewe. Yaani, walikuwa naye kwa miezi tisa. Bi Mkunga ndiye aliyempokea, Bi Mkunga ndiye aliyemfunga kitambaa bila kumsikia akilia, na Bi Mkunga ndiye aliyekaa na Fundi mpaka asubuhi akimshika kisigino. Tangu siku hiyo watu wawili hawa walikuwa hawajaizungumza habari ile. Kila mmoja aliibeba peke yake, mmoja usiku kwenye tanuri, mwingine mchana kwenye cherehani.

Fundi alimsogelea, akamshika kichwa, akakiegemeza tumboni mwake. Kisha akapanda ngazi. Aliweka mdomo karibu na tundu. Hewa iliyotoka mle ilikuwa ya joto, yenye harufu ya mkojo na uji uliochacha.

"Bi Mkunga?"

Jibu likaja karibu sana, karibu kuliko alivyotarajia: "Nani huyo? Kama umeleta mzazi, mpitishe kwa nyuma. Huku mbele wodi imejaa."

Walitoka wote watatu. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo la nje. Wa uani ulikuwa na kufuli kubwa, jipya, linalong'aa kwa mafuta. Mwokaji alichukua nondo, akalivunja kwa pigo moja, kwa nguvu ambazo Fundi hakuwa ameziona mikononi mwake tangu zamani.

Ndani palikuwa na giza la madirisha yaliyofungwa. Jua liliingia na mlango, likalala sakafuni kama mkeka, na ndani ya mkeka huo Fundi akawaona. Walikuwa wamekaa. Panya wakubwa kwa wadogo, wamejipanga kuzunguka kitanda, na hawakukimbia. Sahani ya wali ilikuwa chini, tupu, imerambwa ikang'aa. Juu ya kigoda, miguu wazi, kifua wazi, amevaa mabaki ya gauni lililobaki ukosi na mikono tu, alikaa Bi Mkunga. Mifupa ya kifua chake ilihesabika. Mapajani alikuwa na panya jike, amelala ubavu, na mkono wa mzee ulikuwa unampapasa tumbo kwa vidole viwili, ukipima.

"Msipige kelele," alisema bila kuinua macho. "Huyu ni uzao wake wa kwanza."

Wifi, ambaye alikuwa ameua panya wasio na idadi, alirudi nyuma mpaka uani na kutapika.

Fundi hakurudi nyuma. Baadaye alisema hakuwa na ujasiri wowote, miguu ndiyo iliyokataa kugeuka. Alipiga kofi moja. Panya wakamtazama. Akapiga tena, akapaza sauti, na ndipo wakaanza kuondoka, si kwa kukurupuka, bali kwa mstari, wakipanda na pembe ya ukuta kuelekea kwenye boriti. Yule jike ndiye wa mwisho kushuka mapajani. Fundi akavua kitenge chake cha juu, akamfunika mzee mabega.

"Wewe ni mshonaji," Bi Mkunga alisema, akishika vidole vyake. "Una sugu ya sindano hapa. Ulikuwa kwangu. Mtoto wako alilia?"

"Hapana, Bibi. Hakulia."

"Ah." Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Basi kaa. Usisimame, utaanguka."

Na Fundi akakaa, pale pale, katika uvundo ule, akalia kilio alichokuwa hajakilia. Mumewe aliingia, akakaa upande wa pili.

Mpwa aliwakuta hivyo. Alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda, kijana mrefu mwenye mgongo uliopinda mapema, na alikuja kuchukua sahani kama kila siku. Alipoona kufuli chini, hakukimbia. Aliketi kizingitini, akavua kofia ya kazi.

"Semeni tu," alisema. "Nimesubiri mtu aseme."

"Unamfungia mtu mzima kama mbuzi?" wifi alimfokea. "Mzee aliyewaleta duniani nusu ya watu wa mtaa huu! Hujui anawapa panya chakula chake chote? Umewanenepesha wao, yeye unamzika."

"Sikujua anawapa. Nakuta sahani tupu, najua amekula. Sikai kumtazama. Siwezi kumtazama." Alijifuta uso kwa kofia. "Alikuwa anatoka, Mama. Alikwenda hospitali, akaingia wodini, akachukua kichanga cha watu akatoka nacho. Alisema kinahitaji jua. Walimkamata barabarani, mawe tayari mikononi. Nilimfunika kwa mwili wangu. Niliambiwa, akionekana nje tena hatarudi nyumbani mzima. Bintiye nilimpigia, akasema atakuja. Mpaka leo anakuja. Nami kazini siwezi kwenda naye. Ningemweka wapi?"

Fundi alitaka kumchukia, akashindwa kumaliza. Alichosema ni hiki: "Ungebisha hodi. Ukuta ni mmoja."

Siku ile ile Bi Mkunga aliogeshwa, akalishwa kidogo kidogo, akaonwa na daktari. Wakakubaliana: mchana atakaa kwa Fundi, penye macho ya mtu, jioni mpwa atamchukua, na kufuli halitarudi. Mpwa alishukuru mpaka ikawa aibu kumsikiliza.

Kisha wakaanza kazi ya panya. Wifi aliiongoza kama jemadari. Nyumba ya pili ilioshwa, godoro likachomwa, mabaki ya chakula yakaondolewa hata chini ya mbao za kitanda. Mitego iliwekwa bila kutegwa, ikatiwa chakula, ikaachwa mpaka wakaizoea, kisha ikategwa yote kwa pamoja kando ya barabara zao za mafuta. Sumu wifi aliikataa kabisa. "Atafia ukutani, nanyi mtanuka mwaka mzima. Halafu kuna mzee humu ndani anayeokota kila kitu." Matundu walianza na yale madogo. Kidole gumba kikipita, alisema, panya mchanga anapita. Waliyajaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, wakasiliba saruji juu yake. Tundu la boriti walilifunga mwisho kabisa, kwa waya wa banda la kuku uliokunjwa mara mbili, na mwokaji akalisiliba kwa mikono ileile iliyozoea unga.

Wale watoto wa kiotani, wifi aliwatoa nje ndani ya ndoo yenye kifuniko. Hakuna aliyemuuliza alikwenda wapi. Bi Mkunga ndiye pekee aliyeuliza.

"Wale vichanga wako wapi?"

"Wamekwenda nyumbani na mama zao," Fundi alisema, akageukia cherehani yake.

Nyumba ikatulia. Darini hapakuwa na kishindo. Mwokaji akaanza kulala, na mchana mwingine Fundi aliacha cherehani, akaenda kujilaza kando yake, wakazungumza kwa sauti ndogo habari za mtoto wao, wakiulizana angefanana na nani.

Lakini alasiri moja, baada ya chakula cha mchana, Fundi aliinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona, akaona mlango umeachwa wazi. Bi Mkunga alikuwa amesinzia kwenye kiti chake. Nje, upande wa pili wa njia, chini ya ukuta, palikuwa na mstari wa rangi ya udongo ambao asubuhi haukuwepo. Ilimchukua muda kuelewa anachokitazama. Walikuwa wale waliokuwa nje siku matundu yalipofungwa, wale ambao mitego haikuwapata. Walikaa kwenye jua kali, bega kwa bega, wamegeukia mlango. Hawakuvuka njia. Walisubiri.

Alichukua ufagio, akatoka. Walimtazama yeye, kisha wakatazama nyuma yake, ndani, kwenye kiti. Alipiga ufagio chini, na mstari ukapinda kidogo, ukanyooka tena. Mpita njia mmoja aliwaona, akageuka alikotoka. Fundi alirudi ndani kinyumenyume, akafunga mlango, akasukumia kitambaa chini yake, akaegemea mbao kwa mgongo mpaka saa yao ilipopita.

Kesho yake walikuwa wachache. Siku iliyofuata, wachache zaidi, wamekonda, mbavu zinaonekana. Wifi aliposimuliwa alisema ndivyo ilivyo, panya asipolishwa anahama, hana mkataba na mtu. Alisema hivyo lakini hakucheka, na siku hiyo aliondoka mapema.

Ikafika alasiri ambayo chini ya ukuta ule hapakuwa na kitu ila kivuli. Fundi alisimama kizingitini kwa muda, kuhakikisha. Alipogeuka, Bi Mkunga alikuwa macho, amekaa wima, mikono imeinuliwa mbele yake, viganja juu, mbali na nguo.

"Zamu imeisha?" aliuliza.

"Imeisha, Bibi."

"Wote wamejifungua salama?"

"Wote."

"Basi niletee maji."

Fundi alileta beseni na sabuni, akamimina. Mzee alinawa. Alisugua kucha, katikati ya vidole, viganja, akapanda mpaka kwenye viwiko, akarudia tena tangu mwanzo, hana haraka, kama alivyofundishwa ujanani. Maji yalibadilishwa mara mbili. Kisha akashusha mikono mapajani, akauliza kama kuna chakula, na kwa mara ya kwanza tangu atolewe mle ndani alikula sahani nzima, peke yake, hakubakiza hata punje.